Chumba cha ibada uwanjani Mwanza: tujenge, tuweke turubai, au tuache ilivyo?

Sakafu ilikuwa ya zege na ilikuwa imelowa. Nilikuwa chini ya ngazi za jukwaa, kwenye uwanja mmoja wa huku Kanda ya Ziwa ambao sitautaja, wakati wa mapumziko ya mechi iliyoanza saa 12 na robo jioni. Swala ya Magharibi ilikuwa imeingia tangu katikati ya kipindi cha kwanza. Nilitawadha kwa chupa ya maji ya nusu lita niliyonunua kwa kijana aliyekuwa akipita na ndoo, nikatandika kanga, nikaelekea kibla. Jirani yangu, mama wa Kikatoliki ninayekwenda naye mechi tangu tukiwa wasichana, alifungua mtandio wake akaushika kama pazia ili wanaume waliokimbilia chooni wasinipitie mbele. Nikiwa rakaa ya pili nikasikia sauti ya mlinzi.

"Mama, hapa ni njia. Hapakaliwi."

"Mwanangu, subiri atoe salamu," jirani yangu akamjibu taratibu. "Rakaa moja tu imebaki."

Kijana akasubiri. Akageuza hata tochi yake isinimulike. Nikatoa salamu, nikaokota kanga, na upande wa chini ulikuwa na doa la manjano. Choo kilikuwa hatua kumi kutoka pale. Swala ile niliilipa nyumbani usiku, kwa sababu sikuwa na yakini kwamba nimeswali mahali safi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisukuma suala hili kwenye tawi letu la mashabiki, na sasa tumefika mahali pa kuamua tuwaombe nini wenye viwanja. Hoja zinazorudi kila kikao ni nne: kuacha mambo yalivyo, kuruhusu watu watoke kwenda msikitini na kurudi, kujenga chumba, na kuweka turubai siku za mechi. Ndani ya hoja ya chumba kuna ubishi mwingine, kama kiwe cha Waislamu au cha watu wote. Nimezipima zote kwa jicho la mtu anayekaa mzunguko, kwenye majukwaa ya bei ya chini, na kulipa tiketi yake mwenyewe.

Tuanze na saa

Wengi wakilijadili jambo hili huanza na haki, au huanza na fedha. Mimi naanza na saa, maana saa ndiyo inayoonyesha nani ana shida na nani hana.

Mwanza na Dar es Salaam tunatumia saa ile ile ya ukutani, lakini jua halituchwei pamoja. Sisi tuko magharibi zaidi, kwa hiyo Magharibi yetu huingia dakika 20 hadi 30 hivi baada ya Dar, kulingana na mwezi. Anayepanga mambo ya uwanja wa Mwanza kwa ratiba ya swala ya Dar atakosea. Huku jua huzama kuanzia kama saa 12:38 jioni mwanzoni mwa Novemba hadi kama saa 1:08 usiku katikati ya Februari. Alasiri huingia kati ya saa 9:40 na saa 10:25 hivi. Isha huja kama saa moja na dakika kumi au robo hivi baada ya Magharibi.

Sasa chukua mechi ya saa 8 mchana. Adhuhuri imeshaingia kabla hujatoka nyumbani, Alasiri inakukuta unatoka au umeshatoka. Hakuna shida. Mechi ya saa 10 jioni, ambayo ndiyo tumeizoea zaidi, Alasiri huingia karibu na filimbi ya kwanza na mpira huisha kabla ya saa 12. Bado muda upo wa kufika nyumbani au msikitini, ingawa kuichelewesha Alasiri mpaka jua liwe la manjano ni karaha, na Novemba hilo hutokea kweli ukikwama kwenye foleni ya kutoka.

Shida kubwa ni mechi za jioni, zile za saa 12 na robo na za saa 1 usiku. Magharibi ina wakati mfupi kuliko swala zote. Mechi ikianza saa 12 na robo mwezi wa Novemba, Magharibi inaingia dakika ya 23 ya mchezo, na filimbi ya mwisho inapulizwa Isha imeshaingia. Ikianza saa 1 usiku mwezi wa Februari, Magharibi inaingia dakika ya nane au ya tisa, na mpira ukiisha Isha imeshaingia zamani. Katika hali zote mbili dirisha ni moja tu, mapumziko, na Sheria ya 7 ya mpira wa miguu inasema mapumziko yasizidi dakika 15. Ndani ya hizo dakika 15 mtu ashuke jukwaani, atafute maji, atawadhe, aswali rakaa tatu, arudi.

Kuna mechi nyingine yenye shida yake, nayo ni ile kubwa. Simba au Yanga wakija uwanja wetu mkubwa wa Kirumba, watu huingia uwanjani asubuhi ili wapate pa kukaa. Aliyeingia saa 4 asubuhi Adhuhuri inamkuta ndani, na wala hathubutu kutoka maana nafasi yake itachukuliwa. Wazee wetu wanaikumbuka mechi ya 1974 kwenye uwanja wa Nyamagana, Yanga walipowafunga Simba 2-1 hapa hapa Mwanza, na mpaka leo wanasimulia jinsi mji ulivyofurika. Siku ya namna hiyo hata Alasiri ni mtihani, kwa sababu hakuna pa kuweka paji la uso.

Jambo moja lilinishangaza nilipokaa na shehe wa mtaani kwetu kulizungumza. Nilidhani wanaohitaji chumba zaidi ni wageni, wale wanaokuja na mabasi kutoka Shinyanga, Bukoba au Geita. Akanikumbusha kuwa msafiri ana ruhusa ya kuchanganya: Adhuhuri na Alasiri pamoja, Magharibi na Isha pamoja, na zile za rakaa nne akazipunguza kuwa mbili. Aliyetoka Shinyanga anaweza kuinuia Magharibi yake aiswali na Isha baada ya mechi, na dini haimlaumu. Mwenye kubanwa ni mimi wa Kirumba, wewe wa Igogo, yule wa Nyakato. Kwa hiyo hoja ya kwamba chumba ni anasa ya kuwapokea wageni haisimami. Kitatumiwa na wenyeji, wale wale wanaojaza uwanja wiki baada ya wiki.

Kuacha ilivyo

Hili lina faida zake. Halina gharama, halina kikao, halina wa kugombania ufunguo. Na hoja yake ya kidini ni nzito: Mtume amesema ardhi yote imefanywa kuwa msikiti. Wavuvi wanaswali juu ya mawe ya ziwani, wauza dagaa pale Mwaloni wanaswali kando ya magunia yao, kwa nini shabiki asiswali kwenye majani nyuma ya jukwaa?

Nimeswali kwenye majani hayo mara nyingi, mchana, na sikuona tatizo. Lakini jua la saa 10 si giza la saa 1. Mchana unaona unapokanyaga. Usiku unasukumwa kuelekea penye taa, na penye taa ni kwenye njia, kwenye ngazi na karibu na vyoo. Mlinzi aliyenisimamisha alikuwa sahihi kabisa: ile ni njia ya kutokea watu ikitokea hatari. Watu ishirini waliosujudu chini ya ngazi ni hatari kwao na kwa wengine, na hakuna mlinzi anayestahili kubebeshwa uamuzi wa kuwainua au kuwaacha.

Kuna pia suala la macho ya watu. Septemba 2005, katika uwanja wa Giants Stadium huko New Jersey, Marekani, vijana watano Waislamu waliokwenda kutazama mchezo waliswali mahali walipopata nafasi, karibu na mtambo wa kuingizia hewa. Wakaondolewa na kuhojiwa na maofisa wa usalama. Baadaye uwanja ule ulitenga eneo maalum la ibada kwa watazamaji. Na Machi 2015, uwanjani Anfield, Liverpool, mashabiki wawili walipigwa picha wakiswali kwenye ngazi wakati wa mapumziko, picha ikasambazwa mtandaoni na maneno ya kuwadhalilisha, na klabu ikasimama upande wao. Mwanza hatuna chuki ya aina hiyo, namshukuru Mungu, na mtandio wa jirani yangu ni ushahidi wangu. Ila funzo la kisa cha kwanza linatuhusu vile vile: pasipo na mahali palipojulikana, kila anayeswali anaonekana kama aliyejificha, na mlinzi mwenye kazi yake hana namna ya kujua.

Kutoka na kurudi

Nyamagana uko katikati ya mji, na misikiti iko umbali wa kutembea kwa miguu. Kirumba nao umezungukwa na makazi, adhana inasikika mpaka uwanjani upepo ukiwa upande huo. Basi wengine wanasema: wapigeni watu mhuri mkononi getini, watoke, waswali msikitini kwa utulivu, warudi kwa tiketi ile ile.

Kwa Adhuhuri ya mechi kubwa, napenda wazo hili kuliko yote. Msikitini kuna maji, kuna sehemu ya wanawake, kuna jamaa, yaani swala ya pamoja nyuma ya imamu. Kinachotakiwa ni mhuri, watu wawili getini, na makubaliano kwamba majirani waliokaa pamoja watashikiana nafasi. Mwenye uwanja hatoi chochote zaidi ya uvumilivu.

Kwa Magharibi ya mapumziko halifai hata kidogo. Kutoka mzunguko mpaka getini kwenye msongamano ni dakika tano kama una bahati. Na walinzi wa geti hawapendi kabisa mlango uliofunguka usiku, kwa sababu ndipo wasio na tiketi wanapopenya. Kwa hiyo ni jibu la swala moja ya siku moja. Lichukuliwe kwa kazi hiyo, lisiulizwe zaidi.

Chumba

Hapa ndipo maneno huwa mengi, na ndipo mawazo ya nje hutajwa. Viwanja vya Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 vilikuwa na vyumba vya kuswalia. Wembley, London, una chumba cha ibada cha watu wa dini zote. Blackburn Rovers, klabu ya mji wenye Waislamu wengi kaskazini mwa Uingereza, ilikwenda mbali zaidi: Mei 2022 iliwakaribisha Waislamu kuswali Idi kwenye nyasi zenyewe za Ewood Park. Mifano hiyo inatia moyo, lakini haisemi chumba cha Kirumba kiweje. Nimejaribu kukikadiria kwa vipimo vyetu.

Mswala mmoja ni kama sentimita 70 kwa 115. Chumba cha mita 6 kwa 8, ukitoa nafasi ya imamu na mlango, kinachukua watu hamsini hivi kwa mara moja. Imamu mwepesi anamaliza Magharibi kwa dakika tano au sita. Kwa mapumziko ya dakika 15 unapata jamaa mbili, watu mia moja. Kirumba unatajwa kubeba watu wapatao 35,000. Watu mia moja ni wachache mno ukiweka karibu na idadi hiyo, na hapo ndipo wapinzani wa chumba wanapocheka. Lakini si kila mechi inajaza uwanja, si kila mechi ni ya usiku, si kila shabiki ni Mwislamu, na si kila Mwislamu atashuka. Kwa mechi za kawaida za Pamba Jiji, klabu yetu ya Mwanza, jamaa mbili zinaweza kutosha. Kwa mechi kubwa hazitoshi, na ujenzi wowote wa bei ya akili hautatosha.

Kinachoua vyumba vya namna hii ni maji. Nimeingia vyumba vya kuswalia kwenye vituo vya mafuta vya barabara kuu, na ninachokumbuka ni kama kuna bomba au hakuna. Chumba kizuri bila maji, watu wanapanga foleni chooni kutawadha, dakika 15 zinaisha. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Weka makopo na birika badala ya koki zinazofunguliwa zikamwagika, hesabu hata lita tatu kwa mtu, watu mia moja wanatumia lita 300. Simtanki moja la lita 1,000 linamaliza siku nzima na kubaki. Sisi tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, ila kila mkazi wa vilimani anajua kwamba kuliona ziwa dirishani si sawa na kuwa na maji bombani. Tanki lijazwe siku moja kabla ya mechi, mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

Wanawake. Naomba hili lisomwe na wanaume wa kamati mara mbili. Kila mchoro wa chumba nilioonyeshwa una mlango mmoja. Wanawake tunaambiwa tutapata "upande wa nyuma", yaani tupite katikati ya safu za wanaume tukiwa tumelowa mikono na miguu. Hatutapita, na kamati itasema wanawake hawakijali chumba. Mlango wa pili na pazia zito ni gharama ndogo, na sehemu ya kutawadhia yenye ukuta ni lazima, maana mwanamke hawezi kufunua nywele na mikono mbele ya foleni ya watu.

Kibla ya Mwanza ni kaskazini ikiegemea mashariki kwa kama digrii 15. Ichorwe sakafuni kwa rangi, isiachiwe ubishi wa simu za watu.

Cha Waislamu au cha wote?

Nilipoanza nilitaka chumba cha Waislamu. Nilijiambia: wenye swala za saa maalum ni sisi, Wakristo hawana wajibu unaowakuta dakika ya 23 ya mchezo. Jirani yangu alinisikiliza, kisha akanikumbusha kuwa Wakatoliki husali Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na saa 12 jioni. "Mimi naisali nimesimama pale pale mpira ukiendelea," akasema. "Sihitaji chumba. Lakini siku mwanangu alipokuwa kwenye chumba cha upasuaji Bugando na mimi niko uwanjani kwa sababu nilishindwa kukaa nyumbani, ningekitumia."

Sijapata jibu la maneno hayo mpaka leo, na silitafuti.

Kuna Wasabato pia, ambao ni wengi huku Kanda ya Ziwa. Sabato yao inaanza Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama, kwa hiyo mechi ya Jumamosi mchana hawaji kabisa, chumba hakiwasaidii wala kuwadhuru.

Hoja ya sheria nayo inavuta upande wa chumba cha wote. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa mtu kuabudu na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nyamagana ni mali ya Jiji. Jiji likijenga chumba kisafi chenye maji na likasema kila raia akitumie kwa ibada yake, sioni wa kulalamika kwa haki. Likijenga msikiti ndani ya uwanja, litaulizwa kanisa liko wapi, na swali litakuwa halali. Kirumba ni mali ya chama, CCM, kwa hiyo njia ya maombi ni tofauti, lakini watazamaji ni wale wale na hisia ni zile zile.

Chumba cha wote kina hatari moja ambayo nimeiona kwenye sehemu nyingine za kazi: kinajazwa viti, meza, maua ya plastiki na picha ukutani, mpaka hakifai kusujudia. Au kinageuka stoo ya mipira na bendera. Kwa hiyo masharti ni machache lakini yasilegezwe. Sakafu tupu yenye zulia au mikeka, viti vichache vinavyokunjwa kwa wazee na wenye ulemavu, hakuna picha wala maandishi ya dini yoyote ukutani, na dakika 15 za mapumziko ya mechi za jioni ziandikwe mlangoni kwamba ni za Magharibi. Muda mwingine wote kiko wazi kwa yeyote. Ufunguo ukae kwa meneja wa uwanja. Usikae kwa shehe, usikae kwa mchungaji, usikae kwa mwenyekiti wa tawi. Sisi Waislamu tunajijua: ufunguo ukiingia kwenye kamati ya misikiti miwili, itakuwa kesi ya miaka mitatu.

Turubai

Nililidharau wazo hili, nikaja kulipenda. Turubai moja kama yale ya misibani na harusini, mikeka, simtanki, makopo, taa mbili na pazia la kugawa. Linasimamishwa asubuhi ya mechi, linashushwa usiku. Linawekwa ndani ya geti lakini mbali na njia za kutokea na mbali na vyoo. Mechi ikiwa kubwa unaongeza la pili, jambo ambalo ukuta wa tofali haukuruhusu.

Udhaifu wake unajulikana. Upepo wa ziwa jioni si mchezo, na mvua za vuli zikianza, mikeka inalowa ndani ya dakika moja. Kila mechi inataka watu wa kulifunga, na watu wa kujitolea huchoka ifikapo mechi ya sita. Wanawake pia tunaonekana kwa kivuli taa ikiwa nyuma yetu, kwa hiyo taa zining'inizwe juu katikati, zisisimamishwe ukutani.

Lakini lina faida moja ambayo chumba hakina: linahesabu. Tangu baada ya sensa ya 1967, sensa zetu haziulizi dini, kwa hiyo hakuna kitabu cha serikali kitakachomwambia mwenye uwanja Waislamu wangapi wako Mwanza, sembuse wangapi wanapenda mpira na wangapi watashuka jukwaani kuswali. Mtu akisimama mlangoni mwa turubai na daftari mechi tano za jioni, tutajua kama ni watu thelathini au mia tatu. Ukienda kwa meneja na daftari hilo, mnazungumza habari ya ukubwa wa chumba. Ukienda mikono mitupu, mnazungumza habari ya dini, na mazungumzo hayo hayafiki popote.

Wanaosema hapana

Anayesema "mpira si faradhi, asiyetaka kukosa swala abaki nyumbani" namwelewa, na kuna wacha Mungu wa kweli wanaosema hivyo. Mimi kwa miaka kadhaa nilifuata ushauri huo, nikawa sionekani mechi za usiku. Kilichotokea ni kwamba binti yangu alikwenda na wenzake bila mimi, na hakuna hata mmoja wao aliyeswali. Nikiwa naye, anaswali.

Anayesema "vyoo kwanza" namheshimu zaidi, kwa sababu ana haki. Viwanja vingi vya huku, choo cha wanawake ni aibu. Siwezi kumwambia mama mwenye mtoto mchanga kwamba zulia langu limtangulie. Ila tazama orodha ya mahitaji: maji ya uhakika, sakafu inayooshwa, taa, ukuta wa faragha kwa wanawake, mtu wa usafi anayelipwa. Ni orodha moja. Tanki la kutawadhia likiwekwa mahali pazuri linahudumia na choo. Ndiyo maana kwenye barua yetu nimeomba maji yaandikwe ukurasa wa kwanza na neno "chumba" lije baadaye.

Ninachopendekeza, uwanja kwa uwanja

Kirumba: turubai msimu huu kwa mechi zote za jioni, pamoja na hesabu ya daftari. Mhuri wa kutoka na kurudi kwa Adhuhuri siku ya mechi kubwa. Ukarabati ukija, chumba cha wote cha mita 6 kwa 8 chenye milango miwili, na nafasi kando yake ya kufungia turubai la ziada.

Nyamagana: uwanja ni mdogo na misikiti iko karibu. Sijengi chumba. Naomba mhuri getini, tanki la maji, na kona moja ya zege inayooshwa siku ya mechi, yenye ukuta wa kimo cha mtu.

Kaitaba kule Bukoba na Karume kule Musoma, wenyeji ndio waamue, lakini ningeanza na turubai kabla ya kumwaga msingi. Jua la Bukoba huzama dakika chache baada ya letu, wazingatie hilo wakipanga.

Na kwa AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda tutaiandaa pamoja, viwanja vinavyojengwa upya vina nafasi ambayo sisi hatuna: chumba kwenye mchoro ni mlango na mabomba mawili zaidi, chumba baada ya jengo kukamilika ni kuvunja ukuta.

Mikeka sita ya ukindu iko kwangu, imeoshwa na kukaushwa. Jirani yangu ameahidi makopo ishirini na amejiandikisha kushika daftari mlangoni mechi ya kwanza, kwa kuwa mimi nitakuwa ndani. Kilichobaki ni simtanki na mwenye gari la kulibeba kutoka Pasiansi. Kikao cha tawi ni Alhamisi baada ya Isha.